Dokta asiyepiga sindano: ombi la doktora ya ergoterapi na mfuko wetu

Maneno ya kamati ya masomo kwenye mkutano mkuu wa wanachama, Baraka



Tumepewa muda wa kueleza ombi moja lililo mbele yenu. Binti yetu mmoja, mwanachama wa chama hiki, anataka kupeleka maombi ya kusoma doktora katika ergoterapi. Anaomba mfuko wetu umsaidie gharama za dosiye. Haombi minervali ya miaka mitatu, haombi tikiti ya ndege. Anaomba dosiye tu. Lakini tangu habari itoke, maneno yamekuwa mengi, kanisani, sokoni, mpaka ufukoni kwa wavuvi. Wengine wanasema: chama hiki kilianza kwa kuzika wafu wetu na kununuliana mabati, sasa kimeingiaje katika mambo ya madokta? Wengine wanauliza kama huyo dokta akirudi atapiga sindano.

La sindano tulijibu kwanza kwa sababu ni rahisi: hapana, hatapiga. Doktora siyo udaktari wa hospitali. Ni ngazi ya mwisho ya masomo ya chuo kikuu, na mtu anaweza kuwa dokta wa historia, wa kilimo, wa sheria. Huyu wetu anataka kuwa dokta wa ergoterapi. Basi tuanze na hiyo ergoterapi yenyewe, kwa sababu hata ndani ya kamati walikuwapo waliodhani ni jina jingine la kine.

Kine tunamjua. Mtu akipooza upande mmoja, kine anamnyoosha mkono, anamsimamisha, anamtembeza. Mtu wa ergoterapi anaanza na swali jingine: wewe baba, kabla ya kupooza siku yako ilikuwa inaendaje? Kama alikuwa mvuvi wa ndagala, swali ni kama ataweza kukaa kwenye mtumbwi bila kuanguka, kama ataweza kuvuta wavu kwa mkono mmoja na nusu, na kama hawezi, ni kazi gani ya uvuvi inayobaki mikononi mwake: kushona nyavu, kuanika, kuuza? Anaweza kubadili chombo, kwa mfano kunenepesha mpini wa kisu ili mkono usio na nguvu uweze kuushika. Anaweza kubadili mahali, akainua jiko kutoka chini ili mama asiyeweza kuinama apike akiwa amekaa. Anaweza kubadili namna ya kufanya kazi yenyewe. Watanzania wanaiita tiba kwa vitendo, na jina hilo linatosha kuieleza. Dawa yake ni zile shughuli zinazomfanya mtu ajione bado ni mtu katika nyumba yake.

Sisi tulioishi kambini tunaweza kuelewa jambo hili haraka kuliko watu wengine. Nyarugusu ilifunguliwa 1996, Lugufu 1997. Tulikuwa na chakula cha mgawo, tulikuwa na hema na baadaye nyumba za tope, dispensari ilikuwapo. Lakini kutoka zaidi ya kilomita 4 bila ruhusa ilikuwa kosa. Mkulima hakuwa na shamba, mvuvi hakuwa na ziwa. Mnakumbuka wababa waliokaa chini ya mwembe kutoka asubuhi mpaka jioni, siku baada ya siku, mpaka wakaanza kugombana na watoto wao kwa sababu ya vitu vidogo. Wataalamu wa ergoterapi wana jina la hali hiyo: kunyimwa shughuli. Wanaandika kwamba inaharibu mwili na akili hata kama mtu anakula. Njo maana tunasema kazi hii haitoki mbali na sisi. Tuliishi ndani yake miaka mingi bila kujua kwamba kuna watu wanaoisomea.

Sasa swali gumu zaidi. Tukubali kwamba ergoterapi ni kitu kizuri. Binti yetu tayari ameisoma. Alipata diploma ya Taifa akiwa kambini Lugufu, akaenda Moshi, ambako shule ya ergoterapi ya KCMC inafundisha tangu 1983, na baadaye akaongeza mastazi ya afya ya umma. Leo anashughulikia wagonjwa upande wetu wa ziwa. Si aendelee tu kuwahudumia? Kwa nini doktora?

Kamati tulibishana juu ya hilo jioni mbili, na wengine wetu tuliingia tukiwa tunapinga. Kilichotugeuza ni hesabu ya watu. Mtu mmoja wa ergoterapi anaweza kuona wagonjwa wangapi kwa siku? Na kati ya Uvira na Kalemie wako wangapi waliokatwa mguu au mkono, watoto waliozaliwa na miguu ya kupinda, wazee waliopigwa na presha wakapooza, wamama walioungua mikono kwa moto wa jikoni? Mtu mmoja hamalizi. Kinachoweza kumaliza, polepole, ni kuwafundisha wengine hapa hapa, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, ndani ya chuo chetu. Na ndani ya vyuo vya Kongo ngazi tunazijua: asistenti, shefu wa travo, profesa. Asiye na doktora hafiki kwenye uprofesa. Anaweza kufundisha miaka ishirini, lakini akiwa chini ya mtu mwingine, mara nyingi mtu ambaye hajasoma ergoterapi. Sehemu ya masomo isiyo na profesa wake mwenyewe ni kama mtoto wa kulelewa kwa jirani: anakula baada ya wengine.

Kuna sababu ya pili, nayo ilitushangaza kidogo. Vipimo wanavyotumia hospitalini kujua kama mgonjwa amepona havikutungwa kwa ajili ya maisha yetu. Binti yetu alituonyesha kimoja kinachotumika dunia nzima, kinaitwa kipimo cha Barthel, kilichapishwa Marekani 1965. Kina maswali 10: kula, kuoga, kujiweka safi usoni na nywele, kuvaa, kuzuia haja kubwa, kuzuia haja ndogo, kwenda chooni, kutoka kitandani kwenda kwenye kiti, kutembea, na kupanda ngazi za nyumba. Jumla ni alama 100. Ni kipimo kizuri, kifupi, nesi anaweza kukijaza haraka. Lakini angalieni vizuri. Ngazi za nyumba! Nani kati yetu hapa ana nyumba yenye ngazi? Na kisha, kuchota maji hakumo. Kushika jembe hakumo. Kutwanga sombe, kuloweka mihogo na kuibeba kichwani, kukaa chini mbele ya mafiga matatu, hakumo. Mama anaweza kupata 100 juu ya 100, akaandikiwa amepona, akarudi Mutambala na asiweze hata kusonga bugali. Watu wa nyumbani wataona uvivu. Karatasi ya hospitali inasema amepona, sasa anangoja nini?

Swali la binti yetu linatoka hapo. Anataka kujua, kwa mwanamke aliyerudi kutoka kambini na ambaye mkono wake umeumia, kupona maana yake nini kwa macho yake mwenyewe na kwa macho ya watu wa nyumba yake, na ni shughuli zipi kipimo cha hapa kingepaswa kuuliza. Hilo swali hawezi kulijibu kwa kuona wagonjwa tu. Linataka miaka ya kuuliza, kuandika, kulinganisha, na wasimamizi wa kumkosoa. Hiyo ndiyo kazi ya doktora.

Tuje kwenye maombi yenyewe. Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu wako vijana wengine kati yenu watakaopita njia hiyo hiyo, kwa ergoterapi au kwa kitu kingine. Na wako ndugu zetu waliopelekwa Marekani kutoka Nyarugusu ambao watoto wao wanatuandikia kila wiki kuuliza.

La kwanza ni kujua ni doktora gani. Kuna mbili, na watu wanazichanganya. Marekani wana doktora ya kikazi, wanaiandika OTD. Kijana mwenye digrii ya kwanza ya kitu kingine, hata biolojia au saikolojia, anaweza kuingia humo na kutoka akiwa mtu wa ergoterapi. Mara nyingi ni miaka 3. Anafanya wiki 24 za mazoezi hospitalini na mahali pengine, na mwisho anafanya mradi wa wiki 14. Kisha mtihani wa taifa wa kazi hiyo ndipo apate leseni. Maombi yanapita kwenye mfumo mmoja wa vyuo vingi unaoitwa OTCAS, na vyuo vingi vinadai masomo fulani uwe umeyafanya kwanza, kama anatomia na takwimu, na saa kadhaa za kumwangalia mtu wa ergoterapi akiwa kazini. Kwa mtoto wetu anayeishi Marekani na anataka kufanya kazi hiyo huko, ni mlango wa kweli. Ila tunamwambia jambo moja: mastazi bado inatosha kuingia kazini. Ilikuwa imetangazwa kwamba kuanzia 2027 kila mtu angelazimishwa doktora, lakini mpango huo ukasimamishwa, na 2019 chama chao cha taifa kikaamua ngazi zote mbili zibaki. Doktora ni ndefu na deni lake ni refu vilevile. Usichukue deni la ziada kwa ajili ya jina la dokta peke yake.

Doktora ya pili ni PhD, ile ya utafiti, yenye teze. Ukisema doktora kwa profesa wa Kongo, ndiyo anayoifikiria. Mtu akirudi na OTD akaomba ilinganishwe na diploma zetu, atakuwa na kazi kubwa ya kueleza mradi wa wiki 14 umesimama vipi mahali pa teze. Ndiyo sababu binti yetu hakwenda upande wa Marekani, ingawa ana shangazi huko ambaye angempokea. Tunasema haya bila kudharau OTD. Inatengeneza mtu wa kazi, na kule kwenye kazi ni nzuri. Sisi tunatafuta mtu wa kufungua shule.

Tuliangalia na Ulaya. Ubelgiji wana uhusiano wa zamani na sisi na kuna ufadhili wao ambao Mkongomani anaruhusiwa kuomba, kama ule wa ARES na wa VLIR-UOS. Lakini ergoterapi kule inafundishwa zaidi katika shule za juu zisizo vyuo vikuu, kwa hiyo mwenye kutaka teze anaandikishwa mara nyingi chini ya jina jingine, kama afya ya umma. Si mbaya, ila jina la ergoterapi linapotea kwenye diploma. Québec iko karibu zaidi: Montréal na McGill wana doktora ya sayansi za kurekebisha viungo, na chuo cha Montréal kinafundisha kwa Kifaransa. Tatizo ni umbali na baridi, na visa.

Kwa upande wa Afrika, Afrika Kusini ndiyo yenye vyuo vingi vya ngazi hiyo: Cape Town, Stellenbosch, Western Cape, Witwatersrand, Pretoria, KwaZulu-Natal. Kule doktora ya ergoterapi inaitwa kwa jina lake. Haina madarasa mengi. Ni utafiti na msimamizi, na watu wengi wanamaliza kati ya miaka 3 na 5. Wameandika sana kuhusu ergoterapi kwa watu maskini na wa vijijini. Nchi yetu ni mwanachama wa SADC tangu 1997, na vyuo vingine kule vina hesabu ya ada kwa watu wa SADC ambayo si sawa na ya wageni wengine. Kila chuo kina karatasi yake. Lazima kuuliza kabla. Binti yetu amechagua upande huo na kamati tunakubaliana naye.

Sasa, kosa ambalo vijana wengi wanafanya ni kuanza na fomu. Kwa doktora ya utafiti fomu ni ya mwisho. Ya kwanza ni mtu. Bila promota aliyekubali kukusimamia, fomu inakaa tu pale. Unatafuta maprofesa wanaoandika juu ya jambo linalokaribiana na lako, unasoma makala zao kweli, siyo kichwa cha habari tu, kisha unaandika barua moja fupi. Ukurasa mmoja. Mimi ni nani, swali langu ni hili, nimesoma makala yako fulani na limegusana na swali langu hapa, je, unapokea wanafunzi? Unaambatanisha maisha yako ya kazi na maelezo ya utafiti ya kurasa mbili au tatu. Usitume barua ileile kwa watu thelathini siku moja, wanafahamiana, wanasomeana. Ukikaa wiki mbili au tatu bila jibu, unakumbusha kwa heshima. Bado kimya, unaenda kwa mwingine. Binti yetu aliandika kwa watatu. Mmoja hakujibu, mmoja alisema nafasi zimejaa, wa tatu aliuliza maswali saba. Maswali saba ni habari njema, hata kama yalimkosesha usingizi.

Swali mojawapo lilikuwa la mastazi. Yake ni ya afya ya umma, siyo ya ergoterapi. Vyuo vingine vinakubali mastazi ya jirani kama mtu ana digrii ya kwanza ya ergoterapi na miaka ya kazi, vingine vinadai kozi za kuongezea. Hilo lazima lijulikane kwa maandishi kabla ya kulipa chochote. Tunaomba wazazi mlishike: neno la simu siyo ruhusa, barua pepe ya idara ndiyo ruhusa.

Halafu karatasi. Hapa ndipo sisi tuliorudi tunateseka kuliko watu waliobaki mahali pamoja maisha yao yote. Angalieni mtu mmoja wa hapa: kwenye biletini ya shule ya msingi ana jina na postnom. Kwenye karatasi ya kambi wameongeza jina la baba na wameacha la ubatizo. Kwenye cheti cha Tanzania majina ni matatu kwa mpangilio mwingine, na herufi moja imebadilika kwa sababu mwandishi alisikia vibaya. Na tarehe ya kuzaliwa? Wangapi hapa mmezaliwa tarehe 1 Januari? Tunacheka, lakini ofisi ya chuo haitacheka. Kule wanaona watu watatu. Dawa yake ipo na inaenda polepole: hukumu ya tribinali inayosimama mahali pa cheti cha kuzaliwa, na karatasi ya kuthibitisha kwamba majina yote haya ni ya mtu mmoja. Kisha paspoti inafuata karatasi hizo, siyo kinyume. Mwenye paspoti yenye jina lisilolingana na diploma atapata taabu ya visa baada ya kupata nafasi, na hapo muda umekwisha.

Karatasi za Kifaransa zinatafsiriwa na mtafsiri aliyeapa, releve zote, pamoja na nyuma ya karatasi kama kuna maandishi. Chuo kinaweza kudai pia diploma za nje zipimwe na SAQA, ofisi ya Afrika Kusini inayolinganisha masomo ya nchi nyingine na yao. Inachukua muda, kwa hiyo inaanzwa mapema.

Na pointi. Ndugu zetu, pointi za Kongo zinatuaibisha mbele ya wageni bila sababu. Kijana aliyepata asilimia 58 kwenye mtihani wa Taifa, tulimmwagia poda kichwani, tukaimba njia nzima, na tulikuwa na haki. Chuo kikuu, kuanzia 50 ni satisfaksio, kuanzia 70 ni distinksio, na distinksio haipatikani njiani. Lakini mtu wa nje anayesoma 68 anafikiri ni mwanafunzi wa kawaida tu. Kwa hiyo kwenye dosiye unaweka karatasi ya chuo inayoeleza maana ya pointi na, kama inawezekana, ulikuwa wa ngapi kati ya wangapi. Promota hawezi kuyajua haya kama hujamwambia.

Kiingereza: aliyesoma kwa Kiingereza anaomba barua ya chuo chake inayosema hivyo, na mara nyingi anasamehewa mtihani. Ambaye hakusoma kwa Kiingereza atafanya TOEFL au IELTS, na matokeo yake yanadumu miaka 2 tu. Usiufanye mapema kwa furaha, halafu ukaomba baada ya miaka mitatu.

Barua za kushuhudia mtu, mbili au tatu, zitoke kwa watu waliomwona akifanya kazi. Tunasema kwa mapendo: barua ya mchungaji, ya shefu wa lokalite, hata ya prezidenti wa chama hiki, haisaidii kwenye doktora. Inasaidia kwenye mambo mengine. Kwa doktora wanataka mwalimu wake wa Moshi na mkubwa wake wa kazi, wenye kueleza namna anavyofikiri na kuandika, siyo tu kwamba ana tabia nzuri.

Kuhusu pesa ya masomo yenyewe tuseme wazi, kwa sababu wafadhili wetu wataisoma sehemu hii kwa makini. Kupokelewa kwenye doktora siyo kupewa bursi. Ni barua mbili tofauti, na ya kwanza inaweza kuja bila ya pili. Bursi ya DAFI, ambayo baadhi ya vijana wetu waliisikia kambini, ni ya digrii ya kwanza. Bursi za Jumuiya ya Madola ambazo majirani zetu wa Tanzania wanaomba, Kongo haimo kwa sababu si mwanachama. Zinazobaki ni bursi za vyuo vyenyewe, pesa za miradi ya promota, na mashirika yanayolipia utafiti. Binti yetu ataomba zote anazoruhusiwa. Kama barua ya chuo inakuja na bursi haiji, haendi mwaka huo. Amekubali hivyo mbele ya kamati, na sisi hatutamchangisha mtu nyumba kwa nyumba kwa ajili ya ada ya nchi ya nje.

Limebaki lile linalosemwa chini chini: akienda hatarudi. Hatutajifanya hatujalisikia. Wengine walipendekeza asaini karatasi kwamba asiporudi familia yake italipa. Kamati tumekataa. Kwanza hatuna njia ya kuitekeleza bila kumuumiza mama yake, ambaye ni mwanachama anayelipa kotizasyo kila mwezi. Pili, sisi wenyewe tunajua vile mtu anavyorudi. Kuanzia Oktoba 2005 meli zilituleta kutoka Kigoma mpaka hapa Baraka, na wako waliopanda meli ya kwanza na wako waliongoja miaka. Hakuna aliyerudishwa na karatasi. Watu walirudi kwa sababu kulikuwa na kitu cha kurudia.

Tulichofanya ni kingine. Tumekubaliana naye kwamba utafiti wake ufanyike hapa: Baraka, Mboko, na vijiji vya Fizi vitakavyokubali. Kwa hiyo katikati ya masomo atakuwa huku miezi mingi, akiuliza wamama wetu maswali. Chuo kitadai ruhusa ya kamati yao ya maadili, na ya Kongo pia, na wamama watakaoulizwa watakuwa na haki ya kukataa bila kukosa msaada wowote wa chama. Hilo tulilisisitiza sisi. Tena atatuletea majibu kwa Kiswahili kabla hayajachapishwa kwa Kiingereza, tuyasikie, tuyabishie.

Tunapendekeza mfuko ulipe vitu hivi tu: hukumu ya tribinali na karatasi ya majina, tafsiri ya releve, SAQA kama chuo kitaidai, safari ya kufuata karatasi hizo, na intaneti ya miezi mitatu. Kila kitu kwa risiti. Karatasi ya hesabu inapita kwenye viti sasa, muiangalie. Mhazini yuko hapa kwa maswali. Kwa kijana wetu wa Marekani anayeomba OTD, kamati itampa barua na ushauri, bila pesa, kwa sababu iliyoelezwa hapo juu. Baba yake ameelewa, ingawa hakufurahi.

Mwaka wa masomo wa Afrika Kusini unaanza Januari au Februari, siyo Oktoba kama hapa, kwa hiyo dosiye lazima iwe tayari miezi mingi kabla. Tribinali peke yake inaweza kula wiki kadhaa. Njo maana tunaomba mpige kura leo na tusingoje mkutano ujao. Wanaopinga waseme kwanza, tutawasikiliza wote. Mama aliyeinua mkono pale nyuma tangu tulipotaja Marekani, aanze yeye.